Kadi ya Amani

Mashine mpya ilisema MUBAYA. Kila jaribio Clotilde Ngosa alilolipeleka lilirudi na neno hilohilo, MUBAYA juu, MUBAYA katikati, MUBAYA chini, mpaka akaichana karatasi nzima na kuitupa chini ya meza. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Jumamosi wakubwa kutoka Kinshasa wangefika Lubumbashi kuona mashine mbili za Kituo cha Hesabu, ya zamani na mpya, zikisema MUZURI kwa sauti moja. Wenzake wa chumba walimtazama, kisha wakainamia kazi zao, maana walimjua: Clotilde akishachana karatasi, aliyebaki kuchanwa ni mtu.

Na mtu mwenyewe akaingia. Mkurugenzi wa Kituo, Citoyen Nkandu, abacost, suti ya wakati huo isiyo na tai, imepigwa pasi, beji ya chama kifuani, alikuwa ametoka uwanjani kwenye nyimbo za asubuhi za kukisifu chama na bado alikuwa anatokwa jasho la kucheza. Aliokota kipande cha karatasi, akakisoma, akakunja uso.

"Citoyenne Ngosa. Mashini ya zamani inasemaka muzuri kila lundi. Ya mupya inasema mubaya. Sasa mubaya iko wapi? Iko ku mashini, ao iko ku weye?"

"Citoyen Directeur, mashini bili hazina système moja. Nipatie siku."

"Siku uko nazo mpaka samedi. Kisha samedi, kama ule mukubwa wa Kin anasoma hii neno, miye sitaita ile kosa. Nitaita sabotage."

Akatoka. Neno hilo, hujuma, aliliacha chumbani, nalo lilikuwa neno la kumlaza mtu ndani. Clotilde alisaga meno. Mtu huyu hajui hata upande kadi inaoingilia kwenye mashine, lakini kutisha watu amehitimu!

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Miaka mingi nyuma, fundi mkuu wa Kituo alitunga lugha ndogo ya kuandikia hesabu za migodini, akaiita Mukuba, yaani shaba. Wakati huo kila kitu kilitakiwa kiwe cha asili, kuanzia nguo mpaka majina, hivyo wakubwa walifurahi kuona lugha ya kompyuta inayosema *jumlisha* na *gawa*. Lakini mashine haielewi Mukuba wala Kifaransa. Lazima pawe na programu ya kutafsiri, kompilateri, inayosoma alichoandika binadamu na kukigeuza kuwa amri za mashine. Kompilateri ikikosea kutafsiri, hesabu zote zinakosea bila mtu kujua. Kwa sababu hiyo palikuwa na majaribio: vijiprogramu vidogo ambavyo majibu yake yalikwisha kukokotolewa kwa mkono. Kila Jumatatu hati moja ya amri iliviendesha vyote yenyewe, ikalinganisha jibu la mashine na jibu la mkono, ikasema MUZURI au MUBAYA.

Hati hiyo iliandikwa kwa ajili ya mashine ya zamani, ile inayosoma kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Mashine mpya haikujua kadi ni mdudu gani. Ilikuwa na mfumo endeshi mwingine kabisa, desturi nyingine, na nyaya zake zilikuwa zimekwama mpakani Kasumbalesa nyuma ya foleni ya malori mpaka watu wakakata tamaa. Sasa zimefika, na Clotilde amepewa kazi ya kuifanya hati moja iendeshe majaribio yaleyale kwenye mashine zote mbili.

Kazi kama hiyo kwa kawaida angeifanya huku akiimba. Lakini katika hesabu zilizoandikwa kwa Mukuba palikuwa na moja ambayo haikumtoka kichwani: hesabu ya vumbi. Ilijumlisha muda ambao kila mchimbaji amekaa chini, shimo kwa shimo, na vumbi la kila shimo. Anayefikia kikomo, jina lake hutoka, naye hupandishwa kufanya kazi juu, kwenye hewa, kabla mapafu hayajageuka jiwe. Kaka yake Clotilde, Chomba, alikuwa mtoboaji wa miamba chini ya mgodi. Ndiye aliyemlea Clotilde baada ya baba yao kufariki, ndiye aliyemsomesha, na mwaka mzima sasa alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kisichosikia dawa.

"Dada yangu anakaa na mashini," Chomba alikuwa akiwatambia wenzake. Kisha siku moja, amekuja kumtembelea nyumbani kwake, mtaa wa Naviundu, akamwuliza kama mzaha: "Uliza mashini yako, inanipandisha lini?" Clotilde aliuliza. Mashine ikasema bado, tena bado sana. Akampelekea kaka yake, yaya kwa lugha ya nyumbani, jibu kama lilivyo. Bado, yaya. Chomba akacheka, akakohoa, akarudi shimoni. Tangu hapo Clotilde alikuwa na hasira isiyo na mwenyewe, akimgombeza muuza mkaa, akiwagombeza watoto wa jirani, akiigombeza hata sufuria ya bukari, ugali wake.

"Mwana, tulia," alisema fundi mkuu siku hiyo ya Jumanne. Huyu ndiye aliyetunga Mukuba. Kwenye karatasi za Kituo aliitwa Citoyen Kalaba, yaani Raia Kalaba, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Mlango ukifungwa, kwa Clotilde alikuwa Papa Rigobert, mwalimu wake, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Si mashini mubaya. Ile ya zamani, kila laini inaijazaka na nafasi ya bure mpaka mwisho wa kadi. Ya mupya haifanyake vile. Sasa unalinganisha laini ndefu na laini fupi, hata kama maneno iko moja."

Clotilde alikaa chini. Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi kwamba hakuliona mwenyewe. Akaiambia hati ikate nafasi tupu mwishoni mwa kila mstari kabla ya kulinganisha. MUBAYA nyingi zikaondoka palepale. Zilizobaki akazishika moja moja. Mashine ya zamani, ikipanga majina, hutanguliza herufi kisha tarakimu, na mpya hutanguliza tarakimu: akaamuru zote zipange kwa utaratibu mmoja alioutaja yeye. Mashine mpya hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ya zamani haijali: akayaandika yote kwa herufi kubwa. Orodha ya majaribio akaifanya moja tu, isiyojua iko kwenye mashine gani. Mambo ya kila mfumo, namna ya kuita kompilateri, namna ya kufungua faili, akayaweka pembeni katika vipande viwili vifupi, kila mashine na chake. Akiguswa begani alifoka, lakini kazi ilikwenda, na kufikia Alhamisi alikuwa amekwisha kusahau kufoka.

Kitu kimoja tu hakukihamisha. Mwishoni mwa rundo la kadi za mashine ya zamani palikuwa na kadi ambayo waendesha mashine waliiita kadi ya amani. Aliikuta ikiitwa hivyo alipoanza kazi, na kila Jumatatu aliiweka mahali pake kama wote. Alidhani ni kadi ya kuifungia kazi, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Alipomwuliza Papa Rigobert aiandikeje kwenye mashine mpya, mzee alifuta miwani yake muda mrefu.

"Ile uiache," alisema. "Ku mupya haina kazi."

Alhamisi mchana karatasi ilitoka na MUZURI kila mahali, isipokuwa mstari mmoja. Jaribio la vumbi: MUBAYA.

Clotilde aliliendesha tena. MUBAYA. Akachukua penseli akapiga hesabu kwa mkono. Jibu la mkono lilikuwa sahihi, la mashine lilikuwa dogo. Akafungua kompilateri yenyewe, akaifuata amri kwa amri, mpaka akaliona kosa lilipo. Katika hesabu ya vumbi palikuwa na mabano yaliyofunguliwa kwenye mstari mmoja na kufungwa kwenye mstari wa pili. Kompilateri ikivuka mstari ilisahau kwamba mabano yako wazi. Badala ya kujumlisha muda wote wa mtu kisha kugawa, iligawa muda wa kila shimo peke yake, ikatupa masalio, halafu ikajumlisha kilichobaki. Aliyekaa shimo moja miaka yote hakupoteza kitu. Aliyehamishwahamishwa, leo shimo hili kesho lile, alipoteza kila mara. Na Chomba, kwa sababu alikuwa mtoboaji hodari, aliombwa na kila msimamizi. Hakuna shimo ambalo hakulitoboa.

Lakini kompilateri ilikuwa ileile kwenye mashine zote mbili. Kwa nini ya zamani ilisema MUZURI?

Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo mashine ya zamani iliamriwa kuchapa mstari wa mwisho tu. Clotilde alikwenda akachukua karatasi nzuri zilizotunzwa kwa ajili ya wageni, akaamuru mistari yote ichapwe. Akasimama mbele ya printa, mikono kiunoni. Mstari wa vumbi ukatoka: MUBAYA. Mistari mingine ikafuata. Kisha, mwishoni kabisa, kadi ya amani ikapita, na mashine ikachapa kwa herufi kubwa: MAJARIBIO YOTE MUZURI.

Hakuamini. Akaitoa kadi, akaisoma tundu kwa tundu. Haikufunga kitu chochote. Ilisema hivi tu: bila kujali yaliyotokea huko nyuma, andika MUZURI.

Alimkuta Papa Rigobert dirishani akila mihogo. Akaisukuma kadi mbele ya uso wake, na heshima yote aliyomwekea mzee yule ikamtoka.

"Ni nani alitiaka hii?"

Mzee aliiangalia kadi. Hakujitia hamnazo. "Miye."

"Weye! Weye ulinifundisha ku linganisha! Weye ulisema mashini haina aibu, haina woga, njo maana tunaiuliza! Na kila lundi unaifunga kinywa?"

"Funga mulango, Clotilde."

"Sifunge! Basikie bote!"

Mzee akaenda akaufunga mwenyewe. Akaongea taratibu, akitazama sakafu. "Zamani, mbele weye ukuye, jaribio moja ilianguka. Kitu kidogo, kadi ilikunjwa. Directeur wa ile wakati akasema mbele ya bakubwa: sabotage. Bakakuya kukamata Bwalya. Bwalya alikuwa opérateur tu, mutu wa kuweka kadi mu mashini. Kila siku muke yake alikuwa nasimama pale ku mulango na mutoto mu mugongo, ananiuliza, papa, baba ya mutoto iko wapi? Bwalya alirudia nyuma ya miezi mingi, hana meno ya mbele, na hakusema tena na muntu. Njo nilitia ile kadi. Muntu asikamatwe tena juu ya neno ya mashini."

"Na bantu ba chini?" alisema Clotilde. "Vumbi inabakamata, papa! Yaya yangu inamukamata! Nilienda kumuambia bado. Na kinywa yangu hii, nilimuambia bado!"

Rigobert alitaka kumshika mkono, naye Clotilde akauvuta. Angemwelewa kama angekuwa mwovu. Huyu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umewabana watu vifua miaka yote hiyo, na hilo ndilo lililomkera Clotilde kuliko vitisho vyote vya Nkandu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kama ulijua, juu ya nini uliniambia niiache?"

"Sikujua ya vumbi. Nakuapia. Lakini nilikuwa najua kama siku moja itaficha kitu." Akavua miwani. "Nilichoka, mwana. Na sikuwa na nguvu ya kuitosha mu mashini miye peke."

Ijumaa alfajiri Clotilde alimpelekea mkurugenzi karatasi zote mbili, akamweleza kosa, akamwambia lilikuwa la kurekebishwa kwa nusu siku, na kwamba hesabu ya vumbi ilipaswa kurudiwa kwa kila mchimbaji. Nkandu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo iko kadi ya kusema muzuri?"

"Iko."

"Tia ku mashini yote bili."

"Citoyen Directeur, bantu banakufa."

"Bantu banakufaka kila siku. Kama samedi inatoka kama tulikosaka hesabu miaka yote, unazani batakamata nani? Miye, weye, na ule muzee yako. Tia kadi. Nitasimama hapa."

Akasimama kweli, mikono nyuma. Clotilde aliandika mstari ule kwenye mashine mpya. Mashine mbili zikasema MAJARIBIO YOTE MUZURI, na mkurugenzi akampigapiga bega kama mtu anayempongeza mtoto.

Jumamosi wafanyakazi wote walipangwa uwanjani kuimba na kuwachezea wageni. Wimbo wa pili ulipoanza Clotilde alichomoka mstarini, akapita nyuma ya jengo, akaingia chumba cha mashine. Alikuwa amekata shauri. Wamkamate, wasimkamate, mstari ule ataufuta.

Papa Rigobert alikuwa ndani. Kadi ya amani ilikuwa mkononi mwake, imekwisha kuchanwa vipande viwili.

"Ya mupya siijue luga yake," alisema. "Fanya weye. Upesi."

Clotilde aliufuta mstari, wakatoka kwa milango tofauti, wakarudi kupiga makofi na wengine.

Mkuu wa wageni alikuwa mhandisi mwembamba aliyechoka na safari. Nkandu alimwonyesha mashine ya zamani, akamwonyesha mpya, akasema maneno marefu juu ya maendeleo, kisha akatoa amri. Mashine zikaanza. Karatasi zikatoka pamoja, mstari kwa mstari, MUZURI kwa MUZURI, na mhandisi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, mahali palepale, kwenye karatasi zote mbili: VUMBI, MUBAYA. Na chini hapakuwa na neno jingine.

Nkandu aligeuka, macho yamemtoka, akamtazama Clotilde.

"Nani alitosha kadi?"

Clotilde alifungua kinywa, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Miye," alisema Rigobert. Alisogea mbele mpaka akasimama kati ya Clotilde na mkurugenzi. "Niliitia miye, nimeitosha miye. Huyu bibi alifanya kazi yake. Mashini bili zinapatana, citoyen, kama mulivyoomba. Zinapatana kusema: tulikosa."

Mhandisi aliichukua karatasi akauliza kosa ni nini. Hakuna aliyethubutu, basi Clotilde akamweleza mwenyewe, bila kupaka mafuta, mabano, masalio, wachimbaji waliohamishwa. Mhandisi aliuliza maswali mawili ya mtu anayeelewa, kisha akasema lirekebishwe kabla hajapanda ndege. Lilirekebishwa. Jioni mashine zote mbili zilisema MUZURI bila kuamriwa na mtu.

Rigobert hakuuona mstari huo. Wanaume wawili wa usalama walimchukua mchana uleule, na aliporudi baadaye hakurudi Kituoni. Walimtupa mbali, Kasomeno, kwenye ghala moja, akahesabu magunia. Nkandu alibaki na kiti chake, na hilo Clotilde hajalisamehe mpaka leo. Hakupata nafasi ya kumwambia mzee neno. Angekuwa nayo, hajui kama angemshukuru au angemgombeza tena. Mara nyingine alijikuta akifanya vyote viwili peke yake jikoni.

Hesabu ya vumbi iliporudiwa, majina yalitoka kwa wingi. La Chomba lilikuwa miongoni mwa yale ambayo yangepaswa kutoka zamani sana. Walimpandisha. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaandika, hakumwambia mengi.

Chomba alikuja Naviundu Jumapili, akaketi nje ya nyumba ya dada yake, bukari na samaki wadogo wa kapenta mbele yake, hajagusa. Alikuwa amekonda. Clotilde alikuwa amemweleza kila kitu, kompilateri, mabano, kadi, bila kujificha.

"Kwa hiyo mashini ilikuwa najua," alisema Chomba mwishowe.

"Ilijua, yaya. Kila lundi ilikuwa nasema. Siye njo tulifungaka kinywa yake."

Chomba hakuwahi kumpandishia dada yake sauti, tangu alipokuwa anambeba mgongoni. Sasa aliisukuma sahani ikamwagika, akasimama, akaanza kumgombeza kwa ajili ya ile bado aliyomletea, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, na kikohozi kikamkatiza, akangoja kimwishe, akaendelea. Clotilde hakuingia ndani wala hakujitetea. Alikaa pale pale chini, akamsikiliza mpaka mwisho.